Chukueni Bisibisi, Nipeni Sauti

Mwenye sauti nzuri akialikwa harusini huulizwa ataimba wimbo gani. Mimi nikialikwa huulizwa kama nimekuja na bisibisi. Tofauti yenyewe ndiyo hiyo, na msomaji mwenye haraka anaweza kuishia hapa akaendelea na shughuli zake. Mimi bado nina mengi rohoni.

Kazi yangu ni kompyuta. Nilisomea, nikatahiniwa, nikapewa cheti, na sasa niko katika ofisi moja hapa Dar es Salaam nikisimamia nyaya za mtandao pamoja na wafanyakazi wanaosahau paswedi zao kila baada ya sikukuu. Ofisini sina la kusema, kwa kuwa mwisho wa mwezi nalipwa. Balaa huanza nikishavua kitambulisho shingoni. Kwenye ukoo wetu mtu aliyesomea kompyuta amesomea kila kitu chenye waya, na vichache visivyo na waya. Friji ikigoma, naitwa. Feni ikilia, naitwa. Cherehani ya shangazi, ile ya kukanyaga kwa miguu, ambayo tangu itoke kiwandani haijawahi kuonja umeme, nayo ikikata uzi naitwa.

"Shangazi, mimi si fundi wa friji," nilimwambia siku moja.

"Friji haitumii umeme?"

"Inatumia."

"Na hizo kompyuta zako?"

"Zinatumia, shangazi."

"Haya, shika tochi."

Mambo yalikuwa na afadhali kidogo mpaka usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tukaingia dijitali. Kwa taifa ilikuwa hatua kubwa. Kwa mtaa wetu maana yake ilikuwa kwamba kila televisheni inahitaji king'amuzi, na kila king'amuzi kinanihitaji mimi. Mwaka 2013 niliukaribishia juu ya bati la watu, antena mkononi, chini sauti zinanielekeza: "Bado! Hapo hapo! Imekuja! Aa, umeiharibu!" Nyumba ya pili kulikuwa na kijana wa rika langu aliyejua kupiga gitaa. Alijua wimbo mmoja tu, tena nusu yake. Mwaka mpya yeye aliukaribishia chini ya mwembe, kazungukwa na wasichana, mmoja kamshikia soda. Mimi niliposhuka nilipewa maji ya kunawa mikono.

Tangu hapo wazo la kubadilishana halijaniacha. Sizungumzii kujifunza kipaji kingine juu ya hiki nilicho nacho. La hasha, hapo ningeitwa kuimba na kutengeneza spika kwa soda ile ile moja. Nazungumzia kubadilishana kwenyewe: nipe chako, chukua changu, tusijuane. Mtu aje aondoke na vyote, pamoja na mpangilio wa rangi za waya wa mtandao ambao niliukariri chuoni na hautaki kunitoka: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Usiku naamka nazitaja. Kichwa kilichobeba mzigo huo kimekosa nafasi hata ya ubeti mmoja wa kumsifia mke.

Tena ufundi wenyewe siku hizi hauombwi kwa adabu. Zamani fundi alifuatwa nyumbani, akakuta kiti na chai. Mimi nafanyishwa ufundi kwa simu. Mama mdogo wa Mbagala umeme ukimwishia hununua kwa simu yake, ujumbe ukiingia ananipigia anisomee namba ili nimwambie kama ziko sawa. Namba za luku, kama mjuavyo, zina tarakimu 20. Miwani yake huwa iko mahali ambapo bila umeme hapaonekani.

"Moja, nne, tatu, saba... au hii ni moja?"

"Soma nne nne, mama mdogo."

"Mbona nne ziko mbili tu?"

Juzi tulisomana mpaka muda wa maongezi ukamkata, nikampigia mimi, tukaendelea. Mita ikakataa. Tukarudia, ikakataa tena. Akaanza kuniuliza kwa upole kama kweli chuoni nilimaliza au nilifukuzwa. Hapo ndipo nilipomwomba azihesabu kwanza, akapata kumi na moja. Muda wote huo alikuwa ananisomea namba ya mita yenyewe, akiitaka mita ijipe umeme kwa kutajiwa jina lake. Umeme ulipowaka alishukuru Mungu, akamshukuru na mjukuu aliyemshikia mshumaa.

Hapo ndipo penye kidonda. Kipaji cha mwenzako huonekana mambo yakienda vizuri. Ufundi huonekana mambo yakiharibika. Mwimbaji akiimba vizuri, watu wanasimama. Mimi nikifanya kazi vizuri watu wanaketi, wanaendelea na yao, hawana habari kwamba nipo. Hakuna ukumbi uliowahi kusimama kuipigia makofi fyuzi kwa sababu leo haikuungua.

Basi nikaanza kutafuta nibadilishane na nani. Kwanza nilitamani mbio. Filbert Bayi wetu, kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 akavunja rekodi ya dunia, tena akiwa mbele tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu mwenye mbio hizo, shangazi akichomoza kwenye kona ya mtaa na pasi mkononi, yeye ameshafika kituo cha daladala. Lakini mbio zina umri wake, na goti langu moja halina hali kwa ajili ya kutambaa chini ya meza za watu nikitafuta soketi.

Nikatamani uchoraji. Edward Said Tingatinga alianza kuchora hapa hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kupaka baiskeli juu ya vibao vya hadibodi, na jina lake likawa jina la mtindo mzima wa uchoraji. Wachoraji wanaoufuata wapo mpaka leo pale Oysterbay, na watalii wananunua. Hebu fikiria angekuwa na mkosi wa kuitwa fundi. Rangi ile ile ingeishia kwenye baiskeli ya shemeji yake, bure, na shemeji angesema haijakolea. Nikachukua penseli, nikachora chui. Mwanangu akaitazama karatasi kwa makini akauliza hiyo ni printa ya aina gani.

Nikaona nisijidanganye. Kipaji kinachoniuma hasa ni sauti.

Na mfano ninao. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, kwenye familia ya wafinyanzi, na yeye mwenyewe akafinyanga vyungu na kuvitembeza kuuza. Mwaka 1911 alihamia mjini, akashika uimbaji, na mwaka 1928 akawa Bombay, India, sauti yake inaingizwa kwenye sahani za santuri. Huyo ni mtu aliyebadilisha ufundi kwa sauti, mchana kweupe, na dunia ikamshangilia. Wala hatujasikia kwamba kuna mtu alimfuata Bombay kumwambia, "Bibi we, kile chungu ulichoniuzia kinavuja, hebu njoo ukitazame mara moja."

Nilimweleza mke wangu hoja hii jioni moja nikiwa na ushahidi wote kichwani. Mke wangu anafundisha Kiswahili sekondari, kwa hiyo ndani ya nyumba yetu hoja haipiti bila kusahihishwa. Akaniuliza kama najua ni nani aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad. Nikasema Shaaban Robert. Akaniuliza kama najua Shaaban Robert alikuwa anafanya kazi gani. Nikanyamaza, maana niliona mtego. Akasema huyo aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926, akaendelea na ukarani wa serikali miaka na miaka, mashairi akayaandika na mshahara akaupokea.

"Mbona yeye hakubadilishana na mtu?"

"Forodhani enzi hizo hakukuwa na printa," nilimjibu.

Akanimalizia na ile methali yake ya kila mwaka, kwamba nisiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wenyewe anaousema umejaa vumbi la wino wa printa, lakini ndoa ina mambo ambayo mtu humeza.

Hata hivyo nilianza mazoezi, bafuni, asubuhi, kabla watoto hawajaamka. Bafu letu lina mwangwi mzuri; sauti ikigonga vigae inarudi imenenepa. Nilikuwa nimefika mahali ambapo mwimbaji hupandisha, nimefumba macho, nikasikia mlango unagongwa. Jirani. Amekuja na taulo shingoni, uso wa huzuni, kunieleza kwamba pampu yangu ya maji inalia vibaya, beringi zimekwisha, nisipoizima itaungua. Halafu akakumbuka kwamba na yake ina tatizo, kwa kuwa nimeshaamka, je, siwezi kupita mara moja?

Nikapita.

Lakini yote hayo ni madogo mbele ya harusi ya mpwa wangu, kwenye ukumbi mmoja wa Tabata. Mchango nilimaliza mapema, kadi yangu ilikuwa ya watu wawili, suti imepigwa pasi, tai nyekundu. Kamati ilikodi kikundi cha taarabu na MC anayevuma hapa mjini, wa aina ile ambayo hulipwa nusu kabla hajasema hata "mabibi na mabwana". Maharusi waliingia, watu wakaketi, mwimbaji akashika kipaza sauti, na spika zikaanza kuunguruma. Muungurumo mzito, usiokatika, unaoingia kifuani. MC akatania, ukaendelea. Akaomba watu wapige makofi, makofi yakaisha muungurumo ukabaki pale pale. Mwisho akauliza kwa kipaza sauti kama ukumbini kuna fundi.

Nikainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Shangazi akasimama kwenye meza ya mbele, kanga begani juu ya gauni la sare, akanyoosha mkono wote: "Yule pale! Mwenye tai nyekundu! Kasoma kompyuta!"

Chini ya jukwaa la ukumbi kuna dunia yake. Kuna vumbi, chupa za maji za harusi zilizopita, na kiatu kimoja cha mtoto. Tatizo niliona upesi. Kinanda kilichomekwa kwenye soketi ya jukwaani, miksa imechomekwa upande wa pili wa ukumbi kwa ekstensheni inayotokea jikoni, na nyaya za sauti zimeviunganisha katikati. Sasa waya wa ethi, ule wa kwenda ardhini, ukipata njia mbili badala ya moja, umeme unapita humo kwa kuzunguka, na kwa kuwa umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, spika inauimba huo huo. Juu ya hilo, amplifaya ya akiba haikuwa na plagi kabisa. Nyaya zake zilikuwa zimechomekwa tupu kwenye tundu za soketi na kukazwa kwa njiti za kiberiti. Njiti mbili tu, na watu mia kadhaa wanasubiri keki.

Nikavuta kila kitu kikala kwenye soketi moja, nikatupa njiti, nikatambaa kutoka. Muungurumo ukakatika pale pale. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, nikajiinua, nikajifuta magoti, nikajiandaa kutabasamu. MC alikuwa ameshanitangulia.

"Mnaona wenyewe!" alinguruma. "Nikishika mimi, hata umeme unatii!"

Watu wakacheka, mzee mmoja akaenda akamtilia noti mfukoni. Mwimbaji akaanza, na kusema kweli sauti alikuwa nayo. Akina mama wakapanga mstari kwenda kumtunza, wakicheza kwa madaha, noti nyekundu za elfu kumi kumi, nyingine zinabandikwa kwenye paji lake la uso. Sauti ile kabla haijamfikia mama yeyote ilikuwa inapita kwenye waya nilioulalia kifudifudi mimi. Hakuna aliyekwenda kuutunza waya. Niliporudi mezani sahani yangu haikuwepo. Pilau yangu alikuwa amepewa mpiga picha, kwa maelezo kwamba mimi nilikuwa kazini.

Na kinachokera zaidi ni kwamba hata wimbo wenyewe sikuufaidi. Ukumbi mzima ulikuwa unasikia mapenzi na vijembe. Mimi nilikuwa nasikia kwamba spika ya kushoto koni yake imechanika na mtu ameibandika kwa gundi. Hili ndilo wasilolisema chuoni. Ufundi ukishakuingia unakunyang'anya na starehe. Siku hizi siwezi kuangalia filamu bila kuona kwamba kompyuta ya jambazi haikuwashwa.

Harusi ilipoisha nilimvizia MC kwenye maegesho. Nikamweleza habari ya kubadilishana, kwa utaratibu, kama tunavyofanya biashara Waswahili: nikaanza kwa kumsifu, nikauliza hali ya nyumbani, ndipo nikafika kwenye jambo. Yeye anipe ulimi wake na ucheshi wake, mimi nimpe kompyuta, umeme, vitasa vya milango na mitandao ya ofisi. Hakucheka. Alinisikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea. Akalalamika kidogo kwamba kazi yake nayo ina adha, kwamba hata akipanda daladala watu wanamwambia achekeshe. Nikamwambia mimi nikipanda daladala kondakta ananiambia redio haishiki. Akatikisa kichwa.

Halafu akauliza: "Yule mama aliyesimama pale mbele, ni nani wako?"

"Shangazi."

"Tukibadilishana, na yeye anakuja huku?"

Nikamwambia mimi si tapeli. Anakuja, pamoja na mama mdogo wa Mbagala.

Akanipa mkono, akapanda gari lake, akaondoka. Biashara ikafia hapo.

Nimefikiria na vipaji vya chini zaidi, visivyohitaji sauti wala miguu. Dalali wa nyumba, kwa mfano. Hapa mjini dalali anakupeleka mpaka mlangoni, ananyoosha kidole, anasema "chumba hiki", na kwa kidole hicho anadai kodi ya mwezi mzima. Mimi vidole vyangu kumi vimejaa makovu ya lehemu na sijawahi kupata kodi ya hata wiki. Nina pia shemeji mwenye kipaji ninachokihusudu kuliko vyote: hajui kitu. Miaka iliyopita aliwahi kuombwa abadilishe balbu, akaivunja ikiwa mkononi, akavunja na ya pili. Hajaombwa tena jambo lolote mpaka leo. Kwenye shughuli za ukoo anakaa kivulini, anakula mara mbili, na watu wanamhurumia. Wengine wanamwita mjinga. Mimi nimemchunguza kwa muda mrefu na naamini balbu ile ya pili aliivunja kwa makusudi kabisa. Nilipomwuliza alitabasamu tu, akanionyesha kwa kidevu kwamba feni ya dari imeanza kulia.

Kwa hiyo natangaza rasmi. Natoa ujuzi wa kompyuta, mtandao, ving'amuzi na umeme wa ndani, uliotunzwa vizuri, pamoja na bisibisi zake na tochi. Natafuta sauti ya kuimba, hata ya kujazia kwaya. Ulimi wa kusherehesha unapokelewa. Ujinga wa shemeji nao napokea, tena huo naongezea na testa. Anayetaka aje jioni, mke wangu akiwa darasani kwa masomo ya ziada.

Ila asije na simu iliyoingia maji, ameitia ndani ya mfuko wa mchele. Jamani, mchele hausaidii. Haunyonyi maji yaliyokwisha kuingia ndani, na unga wake unaziba tundu la chaji. Kinachoua simu ni chumvi na madini yaliyomo kwenye maji, yanayokula shaba ya bodi huku umeme wa betri ukiyasukuma. Izimeni hapo hapo, msiijaribu kuiwasha, msiichaji. Ipelekeni siku hiyo hiyo kwa fundi aliye kibandani kwake, aifungue aisafishe, na mumlipe.